Kofia ya Mbao kwa Tangi Kubwa la Matumbawe: Namna ya Kuijenga Ikapumua

Tangi la matumbawe, yaani tangi la kioo la maji chumvi lenye samaki na matumbawe hai, likiwa la futi sita na halina kofia, ile fremu ya mbao inayokaa juu yake na kuficha taa, lina kero zake. Taa inakupiga machoni ukiwa umekaa kwenye kochi. Samaki wanaruka usiku, asubuhi unawaokota sakafuni wamekauka. Nyaya na mabomba yote yako nje, na sebule inafanana na karakana. Kofia nzuri ya mbao huondoa kero hizo zote. Lakini kwetu pwani, kofia mbaya huleta kero moja inayozizidi zote, nayo ni joto.

Kofia nyingi ninazoonyeshwa ni makabati. Zimefungwa juu, zimefungwa nyuma, zimepigwa vanishi zikang'aa, na maji chini yake yako nyuzi 30. Mwongozo huu ni wa kofia inayopumua, na karibu kila kipimo nitakachokupa kimetokana na hilo. Mimi niko Dar es Salaam, kwa hiyo ninaandika kwa hewa yetu. Ukiwa Mombasa, Tanga au Unguja, hesabu ni zilezile.

Kwanza uelewe joto

Matumbawe ya tangini hustawi kwenye nyuzi 24 hadi 27. Ndani ya mwili wa tumbawe huishi vijimea vidogo sana vinavyolilisha kwa mwanga. Maji yakikaa na joto kupita kiasi, tumbawe huvitema vijimea hivyo, likabaki jeupe na njaa. Mwaka 1998, bahari ilipopata joto magharibi mwa Bahari ya Hindi, miamba mingi ya Mafia ilipauka na sehemu kubwa ya matumbawe ikafa. Bahari nzima ilishindwa kuvumilia. Tangi la sebuleni lina maji kidogo mno kulinganisha na hiyo, nalo hupanda joto kwa saa chache tu.

Kinachotuokoa ni kilekile kinachopoza maji ya mtungi wa udongo. Maji yanayogeuka mvuke huondoka na joto. Lita moja ikitoweka juu ya tangi hubeba joto la karibu uniti 0.67 za umeme. Taa za LED za wati 300 zikiwaka saa 8 zinatumia uniti 2.4. Hata kama joto lote hilo lingeshuka majini, lita tatu na nusu hivi za mvuke zingeliondoa. Mvuke huo ndio kiyoyozi chako, na ukiuzibia chini ya ubao, umekizima.

Kwa hiyo kofia yetu haina mgongo, na juu ina vibao vilivyoachana. Fundi mmoja wa Keko niliyempelekea mchoro aliugeuza mara mbili akaniuliza, "Mzee, na nyuma tunaziba na nini?" Nikamwambia tuangalie madirisha ya zamani ya Mji Mkongwe kule Unguja, yale ya vibao vya mshazari: hewa inapita, jua halipiti. Akaelewa papo hapo.

Vipimo

Ninachukua tangi la sentimita 180 kwa 60 kwa 60, kwa sababu ndilo umbo ambalo wengi hufikia wakitaka tangi kubwa. Likijaa lina karibu lita 650. Usiamini kipimo cha muuzaji; pima kioo chako mwenyewe kwa nje, sehemu tatu, kisha ushike kilicho kikubwa.

Acha nafasi ya milimita 5 kila upande. Mbao huvimba wakati wa masika na kusinyaa kaskazi ikikauka, na kofia iliyobana kioo sawasawa mwezi wa Januari itakataa kutoka mwezi wa Aprili. Kwa tangi letu, fremu itakuwa sentimita 181 kwa 61 kwa nje, na kimo cha sentimita 40. Plaiwudi ya nje itashuka sentimita 4 chini ya fremu ili kuficha ukingo wa kioo na mstari wa maji, kwa hiyo kimo chote kitakuwa 44.

Kwa nini 40? Taa inataka kukaa kama sentimita 20 juu ya ukingo, unene wake wenyewe unaweza kufika 8, na juu yake lazima ibaki nafasi ya hewa ya moto kukusanyika kabla ya kutoka. Wengi hujenga kofia ya sentimita 25 kwa sababu inapendeza kwa macho, halafu taa inakaribia kulamba maji. Usifanye hivyo.

Mbao, na zile za kukwepa

Kwa fremu unahitaji mbao za inchi 2×2 zilizorandwa. Baada ya randa hubaki kama milimita 45. Msaji ndio bora, kwani hautishiki na unyevu, na unapandwa hapa kwetu, Longuza kule Muheza na Mtibwa kule Morogoro. Mfuko ukibana, paini ya Sao Hill inafaa kabisa mradi iwe kavu na ifunikwe vizuri kwa rangi. Mninga pia ni mzuri. Mbambakofi ni mbao ya milango ya wafalme, lakini ni mzito. Kioo hakistahili mzigo huo.

Kujua kama mbao imekauka, chukua kipande kifupi, kipime kwenye mizani ya jikoni, kiache ndani siku tatu, kipime tena. Kikiendelea kupungua uzito, ngoja.

Sasa sikiliza sana. Usinunue mbao iliyotiwa dawa, ile yenye rangi ya kijani kibichi iliyofifia. Dawa inayotumika sana kwenye mbao na nguzo za namna hiyo ina shaba, kromi na aseniki. Shaba ni sumu kali kwa konokono, kamba na matumbawe, hata ikiwa kidogo kiasi cha kutoonekana. Mvuke utapanda, utagusa mbao, utageuka matone na kurudi tangini nayo. Kwa sababu hiyohiyo usipake ile rangi ya boti ya kuzuia viumbe kuota chini ya maji. Jina la bahari kwenye kopo linadanganya, kwani nyingi kati ya rangi hizo hufanya kazi kwa shaba.

Plaiwudi iwe ya milimita 12, shiti moja la futi 8 kwa 4. Maandishi ya kwamba ni ya majini hayatoshi. Omba kipande, kichemshe kwenye sufuria kwa saa mbili au tatu, kisha kiache kikauke. Tabaka zikiachana, achana nayo.

Skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu, daraja la 316, zile zenye alama ya A4 kichwani. Daraja la 304 hupata madoa ya kahawia haraka kwenye chumvi. Zinapatikana kwenye maduka ya vifaa vya boti. Gundi nyeupe ya kawaida hulainika kwenye unyevu. Tumia epoksi au gundi ya mbao iliyoandikwa kuwa inavumilia maji.

Bawaba sitaki kabisa. Kofia yangu ya kwanza ilikuwa na bawaba nne za shaba nyeupe, nzuri ajabu. Baada ya miezi michache zilikuwa na ukungu wa kijani, na tone la kijani lilikuwa linaning'inia kwenye ncha ya moja, juu ya maji kabisa. Niling'oa zote siku ileile. Tangu hapo milango yangu hukaa kwa vigingi vya mbao na vikomeo vya mbao, na sijajuta.

Orodha ya kukata

Fremu, 45 kwa 45:
- vipande 4 vya sm 181 (mbele na nyuma, chini na juu)
- vipande 7 vya sm 52 (vinne vya ubavuni, vitatu vya kukatiza juu)
- nguzo 6 za sm 31

Plaiwudi:
- mbavu 2, sm 61 kwa 44
- ukanda wa chini wa mbele, sm 183.4 kwa 8.5
- ukanda wa juu wa mbele, sm 183.4 kwa 2.5
- milango 2, sm 91.5 kwa 32.6
- pembetatu 4 za sm 10

Vibao vya juu, unene wa milimita 20, upana wa 45:
- vibao 28 vya sm 61
- vibao 4 vya sm 89 vya kuviunganisha

Mbao za futi 12 za fremu zinatosha nne, lakini nunua tano. Ncha huwa zimepasuka. Plaiwudi yote inatoka kwenye shiti moja, na kuna baki.

Kuunga fremu

Anza na ngazi mbili: ya mbele na ya nyuma. Kila moja ina vipande viwili vya 181, vimelala sambamba, na nguzo tatu za 31 kati yake, mbili kwenye ncha na moja katikati. Kama una ujuzi wa ulimi na tundu, fanya. Kama huna, gundi na skrubu mbili kila kiungo zinatosha, ila toboa kwanza kwa keekee. Mbao ngumu isiyotobolewa itapasuka na skrubu ya 316 itakatika kichwa.

Kabla gundi haijashika, pima mshazari kutoka kona hadi kona. Mishazari yote miwili isome sentimita 185.4. Ikitofautiana, sukuma kona yenye mshazari mrefu hadi ilingane. Acha saa 24.

Kisha unganisha ngazi mbili kwa vipande vya 52: viwili ubavuni chini, viwili ubavuni juu. Weka vitatu vilivyobaki juu, vikikatiza kutoka mbele kwenda nyuma, kwenye sentimita 30, 90.5 na 151 kutoka ncha ya kushoto. Kila kimoja kitabeba taa yake, na cha katikati kinalingana na nguzo za kati. Mshazari wa juu sasa unatakiwa kuwa 191.

Kwa kuwa nyuma hakuna ubao, fremu inaweza kuyumba. Gundisha na ufunge pembetatu za plaiwudi kwenye kona nne za nyuma, upande wa ndani. Ishike, itikise. Ikinyamaza, endelea.

Kuvika plaiwudi

Mbavu kwanza. Sehemu ya juu ya plaiwudi ilingane na juu ya fremu, na chini zibaki sentimita 4 zikining'inia. Ukanda wa chini wa mbele unafuata hali hiyo, ukifunika ncha za mbavu, na makali yake ya juu yanalingana na juu ya kipande cha chini cha fremu. Ukanda wa juu unakaa juu kabisa. Kati ya kanda hizo mbili panabaki uwazi wa sentimita 33, na hapo ndipo milango inapokaa.

Kila mlango una vigingi viwili vya milimita 6 chini, vya mbao ngumu au mwanzi, vikitokeza sentimita moja. Vinaingia kwenye matundu yaliyotobolewa kwenye makali ya juu ya ukanda wa chini. Juu, funga kikomeo cha kuzungusha kwenye ukanda wa juu, viwili kwa kila mlango. Kufungua ni kuzungusha vikomeo, kuvuta kichwa cha mlango, kuunyanyua. Mlango una kilo mbili na kidogo. Hata mtoto wa shule anauweza. Na ukiwa na kazi ya mikono miwili tangini, mlango uliokaa pembeni sakafuni ni bora kuliko ule unaokuning'inia kichwani.

Toboa mbavu kwa ajili ya feni, tundu moja la sentimita 11.5 kila upande, chini kadiri fremu inavyoruhusu.

Paa

Panga vibao 14, ukiacha sentimita 2 kati ya kimoja na kingine. Kibao cha baki cha unene huo ukikitumia kama kipimo, kazi inakwenda haraka. Juu yake fungia vibao viwili vya 89 kwa skrubu. Fanya hivyo mara mbili. Umepata mikeka miwili ya mbao inayonyanyuka, na vibao vya juu ndivyo vishikio vyako. Huku juu hakuna anayeona. Weka kigingi kifupi kila kona ili mikeka isihame.

Rangi

Hapa usiharakishe hata kidogo. Kofia za maji chumvi hufa kutokea kwenye makali na ncha za mbao, si kwenye uso.

Piga msasa namba 120, kisha 180, kisha 220. Futa vumbi kwa kitambaa kibichi, acha ikauke. Paka epoksi mikono miwili kamili kila mahali, kisha ncha zote, matundu ya vigingi, tundu la feni na makali ya plaiwudi yapate mkono wa tatu. Ndani, malizia kwa rangi nyeupe ya epoksi au ya poliyurethani. Inarudisha mwanga majini na utaona chumvi mapema. Nje, vanishi ya poliyurethani mara tatu, ukipitisha msasa wa 220 kati ya mkono na mkono. Fanyia kazi hii penye hewa, ukivaa barakoa ya mivuke ya kemikali. Ya vumbi peke yake haitoshi.

Halafu ngoja. Wiki mbili angalau, nje ya chumba cha tangi. Ukiingiza kichwa ndani ya kofia ukasikia harufu ya rangi, bado. Nimemwona rafiki akishindwa kuvumilia siku ya tano, na matumbawe yake laini yakajifunga wiki nzima.

Umeme

Maji chumvi na umeme wa volti 230 havitaniani. Kabla ya lolote, fundi umeme mwenye leseni akufungie kwenye saketi ya tangi kile kifaa kinachokata umeme ukivuja, chenye kiwango cha miliampia 30. Siyo anasa. Transfoma za taa na za feni zikae nje ya kofia, ubavuni mwa kabati. Ndani ziingie nyaya za volti ndogo pekee. Na kila waya unaokwenda kwenye soketi uachwe ulegee, ushuke chini ya soketi kabla ya kupanda tena, ili tone linalotembea juu ya waya lidondoke chini badala ya kuingia kwenye plagi.

Taa tatu za LED, kila moja ikihudumia kama sentimita 60 za tangi, zining'inie kwenye vile vipande vitatu vya kukatiza kwa waya wa chuma cha 316 unaoweza kufupishwa. Anza na sentimita 20 kutoka ukingo.

Feni ziwe za volti 12, sentimita 12, na zote mbili zisukume hewa kuingia ndani, zikipiga juu ya maji. Watu wengi huweka moja ya kuingiza na nyingine ya kunyonya. Ile ya kunyonya hupitisha hewa yenye matone madogo ya maji chumvi moyoni mwake kutwa kucha na haidumu. Hewa ya kutoka haina haja ya kusukumwa. Ina moto, itapanda yenyewe kupitia paa na mgongo. Feni za volti 12 zina faida nyingine: umeme ukikatika unazihamishia kwenye betri, na zinaendelea.

Kuipandisha

Bandika ukanda wa sponji isiyonyonya maji, milimita 5, chini ya fremu pale itakapokutana na kioo. Uzito uangukie kwenye makali ya vioo vilivyosimama, usiangukie vile vipande vya kioo vilivyogundishwa kwa kulala ndani ya ukingo, kwa sababu havikuwekwa kubeba. Kofia nzima ya paini ina kama kilo 30. Ondoa milango na mikeka ya paa, mwite mtu wa pili, mmoja huku na mwingine kule, mshushe polepole. Zima taa na feni wakati huo.

Mgongoni tandaza wavu wa nailoni wenye macho ya milimita 6, ukaze kwa vibao vyembamba vya skrubu. Mabomba yapite kwenye mipasuko midogo. Wavu huo ndio utakaomzuia samaki mrukaji, na hauzuii hewa.

Siku tatu za mwanzo pima joto la maji alfajiri, saa nane mchana na saa mbili usiku, milango ikiwa imefungwa. Likipanda zaidi ya nyuzi moja na nusu kati ya alfajiri na usiku, inua taa, au ongeza feni, au toa kibao kimoja kila baada ya vitatu kwenye paa. Wakati wa masika, hewa ikiwa imeshiba maji, mvuke hupungua na feni hazipozi kama kawaida. Mwenye matumbawe magumu ajiandae na mashine ya kupoza maji kwa miezi hiyo.

Maji yatapungua lita kadhaa kila siku. Rudishia maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, yaliyochujwa, kamwe usirudishie maji chumvi, kwa kuwa chumvi haikuondoka na mvuke. Kila wiki futa ndani ya kofia kwa kitambaa kilicholowa maji baridi, hasa vichwa vya skrubu na ukingo wa feni. Kila mwaka, Novemba hivi kabla ya kaskazi, ishushe, kagua ncha zote kwa kucha. Panapobonyea, piga msasa hadi mbao kavu, paka epoksi upya, na uiache nje wiki mbili kama mwanzo.